Juba Ilipobadili Saa: Kisa cha Mfumo wa Mizigo Mombasa

Usiku wa kuamkia Jumatatu, tarehe 1 Februari 2021, Sudan Kusini ilirudisha saa zake nyuma. Ilipotimu saa sita usiku, Juba ikarudi saa tano, na tangu hapo nchi hiyo iko masaa mawili mbele ya saa ya ulimwengu, UTC, badala ya matatu. Nairobi, Kampala na Mombasa zilibaki palepale. Uamuzi wenyewe ulitangazwa katikati ya Januari, kwa hiyo watu wa Juba walipata kama majuma mawili ya kujiandaa. Hapa Mombasa wengi hawakusikia, na waliosikia hawakuona linawahusu nini.

Liliwahusu sana. Mizigo ya Sudan Kusini inashukia bandari ya Kilindini. Kontena hupakiwa kwenye lori, likapita Mariakani, Nairobi na Malaba, likaingia Uganda mpaka Gulu na Elegu, likavuka mpaka Nimule, kisha likamaliza kilomita zipatazo 190 za lami hadi Juba. Tangu nchi ile ipate uhuru Julai 2011, dereva alikuwa akisafiri njia hiyo yote bila kugusa saa yake ya mkononi. Kuanzia Februari ile, kutoka Elegu kuingia Nimule kukawa ni kurudi nyuma saa nzima.

Kisa ninachokichambua ni cha ofisi moja ya uwakala wa forodha na usafirishaji hapa Shimanzi. Jina lake silitaji. Niliitwa kuutazama mfumo wao wa kompyuta wiki ileile mambo yalipoanza kwenda mrama. Nakieleza kwa urefu kwa sababu naamini mifumo mingi ya Pwani na bara imejengwa kwa namna hiyohiyo, na kwa sababu walioumia kwanza hawakuwa watengenezaji wa programu. Walikuwa madereva na makarani.

Mfumo wenyewe haukuwa mbaya. Karani aliuingizia miadi ya kushusha mzigo kwenye ghala la mteja kule Juba. Mfumo ukamtumia dereva ujumbe mfupi masaa mawili kabla ya miadi. Kifaa cha GPS kilichofungwa kwenye lori kikatoa taarifa lori linapoingia eneo la ghala. Na kuanzia hapo mfumo ukahesabu muda ambao lori limekaa likisubiri. Masaa 24 ya mwanzo ni bure, baada ya hapo mteja analipia kila saa. Nyakati zote zilihifadhiwa kwa UTC, na hilo ndilo fundi yeyote wa programu hufundishwa mapema: weka UTC ndani, geuza kuwa saa za mahali unapomwonyesha mtu. Ni ushauri mzuri, ila una tundu, na Juba ililionyesha wazi.

Lalamiko la kwanza lilitoka kwa dereva. Miadi yake ilikuwa saa mbili asubuhi, akafika ghalani saa mbili kasoro dakika kumi, geti likiwa bado limefungwa. Mfumo ukamwandikia kwamba amechelewa dakika hamsini. Kwa utaratibu wa ofisi ile, kuchelewa kunapunguza posho ya safari, kwa hiyo hakunyamaza. Karani aliweka simu kwenye spika.

“Dada, mimi nimefika kabla geti halijafunguliwa. Nimechelewaje?”

“Kaka, hapa mfumo unaniambia umeingia saa tatu kasoro dakika kumi.”

“Saa tatu kasoro ya wapi?”

Dereva aliuliza swali ambalo mfumo mzima ulikuwa umekwepa kuuliza. Saa mbili kasoro kumi ya Juba na saa tatu kasoro kumi ya Mombasa zilikuwa dakika ileile moja, 05:50 UTC. Meneja alidhani GPS imeharibika na alikuwa tayari kuagiza kifaa kingine. Nilimwomba asubiri. “Mzee, kifaa hiki hakijui Juba wala Mombasa. Kinajua UTC tu, na UTC haijaguswa.” Tukafungua kumbukumbu ghafi za kifaa, na kweli, zilikuwa sahihi hadi sekunde.

Hapa inafaa tuulize kompyuta inajuaje kwamba Juba iko wapi katika saa. Ukanda wa saa ni sheria. Hautokani na jua; unatokana na uamuzi wa serikali, na serikali inaweza kuubadilisha siku yoyote ipendayo. Kwa jua, Juba iko kwenye longitudo ya karibu nyuzi 31 na nusu mashariki, yaani kama masaa mawili na dakika sita mbele ya Greenwich, kwa hiyo mabadiliko ya 2021 yaliisogeza karibu na jua lake. Na si mara ya kwanza. Hadi Januari 2000, ikiwa bado sehemu ya Sudan, Juba ilitumia masaa mawili. Tarehe 15 mwezi huo serikali ya Khartoum ikaisogeza nchi nzima hadi matatu. Sudan yenyewe ikarudi kwenye mawili tarehe 1 Novemba 2017, Sudan Kusini ikabaki kwenye matatu, na baada ya miaka mitatu na ushei nayo ikafuata.

Historia hiyo yote imeandikwa mahali pamoja, katika hifadhidata ya kanda za saa ambayo karibu kila kompyuta duniani inaitegemea. Ilianzishwa na Arthur David Olson miaka ya 1980, kwa muda mrefu sasa mratibu wake ni Paul Eggert, na tangu 2011 inatunzwa chini ya IANA, taasisi inayoratibu majina na namba za intaneti. Ni kazi ya kujitolea. Watu wanasoma matangazo ya serikali na habari za redio, wanajadiliana, kisha wanatoa toleo jipya. Kila eneo lina jina lake, kwa mfano Africa/Juba, na chini ya jina hilo kuna mistari inayosema ni lini ilikuwa masaa mangapi. Sudan Kusini ilipopata uhuru, Africa/Juba liliingizwa kama jina lingine la Khartoum. Mwaka 2017, nchi hizo mbili zilipoachana kwa saa, toleo la 2017c likawapa kila mmoja mistari yake. Na toleo la 2021a, lililotoka tarehe 24 Januari 2021, likaongeza mabadiliko ya Februari. Siku nane kabla ya sheria kuanza kutumika. Nawaheshimu sana watu hao. Kwa tangazo la majuma mawili, kufanya kazi hiyo kwa siku chache bila malipo ni jambo kubwa.

Lakini toleo kutoka hakumaanishi limekufikia. Katika ofisi ile ndogo ya Shimanzi kulikuwa na nakala nyingi za sheria hiyo moja, na kila nakala ilikuwa na njia yake ya kusasishwa. Seva, yaani kompyuta kuu ya ofisi inayoendeshwa na mfumo wa Linux, ina nakala yake, inayokuja na masasisho ya kawaida. Programu iliandikwa kwa lugha ya kompyuta ya Java, na Java hubeba nakala yake yenyewe ndani, haisomi ile ya Linux. Usipoisasisha na kuiwasha upya inaendelea kuamini ya zamani. PostgreSQL, programu inayotunza hifadhidata, inaweza kuwa na yake, kutegemea ilivyofungwa. Kivinjari cha karani kina yake. Kompyuta za Windows zinatumia orodha ya Microsoft, ambayo ni tofauti kabisa: humo Juba ilikuwa imewekwa ndani ya ukanda mmoja na Nairobi, na baada ya mabadiliko ililazimu uundwe ukanda mpya wa Sudan Kusini peke yake. Simu za madereva ni mkasa mwingine. Kuanzia Android 10, data ya kanda za saa inaweza kufika kwa masasisho ya mfumo ya Google Play. Simu za zamani zaidi zinamngoja mtengenezaji, na simu nyingi zilizo kwenye barabara ya Malaba hazitapata sasisho lolote tena.

Kwa hiyo siku ileile moja, vifaa viwili katika chumba kimoja vinaweza kukupa majibu tofauti kuhusu saa ya Juba, na kila kimoja kikawa kinafuata sheria kama kinavyoijua.

Kijana wa ofisi aliyesimamia kompyuta alikuwa amesikia habari za 2021a. Akasasisha Linux, akasasisha Java, akawasha upya kila kitu usiku. Asubuhi hakukuwa na tofauti hata chembe. Lori lililoingia ghalani saa mbili lilionekana limeingia saa tatu kama jana yake. Alivunjika moyo, maana alikuwa amefanya kila kitu kwa usahihi.

Sababu tuliikuta kwenye jedwali la maghala. Kila ghala lilikuwa na safu ya ukanda wa saa, na kila ghala, liwe Kampala, Gulu au Juba, lilikuwa limeandikiwa Africa/Nairobi. Aliyeingiza data miaka ya nyuma alifikiri ni yaleyale, sote tuko masaa matatu, kwa nini ajisumbue. Na kweli siku ile yalikuwa yaleyale. Lakini jina la ukanda halielezi saa ilivyo leo. Linaeleza serikali ipi ndiyo yenye mamlaka juu ya saa ya mahali hapo. Kuandika Africa/Nairobi kwenye ghala la Juba ni kuiambia kompyuta kwamba saa ya Juba inaamuliwa na Kenya. Serikali ya Sudan Kusini ilipobadilisha sheria yake, mfumo haukuwa na sababu yoyote ya kuisikiliza.

Ripoti zilikuwa na hali mbaya zaidi, kwa kuwa hazikutumia hata jina. Ziliongeza masaa matatu kwenye UTC moja kwa moja, ndani ya hoja za hifadhidata, yaani maagizo ya kusoma au kubadilisha data, na ndani ya jedwali la Excel la mhasibu. Nimeona jambo hili katika mifumo mingi ya Afrika Mashariki na nadhani chanzo chake ni utulivu wetu. Fundi wa Ulaya anabadilishiwa saa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo namba ya kudumu inamuumbua ndani ya miezi saba. Sisi hapa namba tatu inaweza kukaa ndani ya programu miaka kumi bila mtu kugundua, mpaka siku jirani atakapobadilisha.

Basi tukabadilisha ghala la Juba kutoka Africa/Nairobi kuwa Africa/Juba. Mara moja nyakati za kuingia kwa malori zikawa sahihi: lile la saa mbili kasoro kumi likaonekana la saa mbili kasoro kumi. Tukadhani tumemaliza. Baada ya muda mfupi karani akaja.

“Kaka, sasa mmeharibu zaidi. Miadi yote ya Juba imeruka kwenda saa moja.”

Alikuwa sawa. Kila miadi ya 08:00 iliyoingizwa mwezi Januari sasa ilisomeka 07:00. Huu ndio moyo wa kisa, na ningependa msomaji anayeandika programu atulie hapa.

Karani alipoandika 08:00 mwezi Januari, mfumo ulitoa masaa matatu ukahifadhi 05:00 UTC. Ile 08:00 yenyewe haikuhifadhiwa popote, ilitupwa. Februari ilipofika na sheria ikabadilika, 05:00 UTC ikawa saa moja asubuhi ya Juba. Kompyuta ilishika kwa uaminifu kitu ambacho hakuna mtu aliyekiahidi. Mteja hakuwahi kusema “njooni saa 05:00 UTC.” Alisema njooni saa mbili asubuhi, nikifungua geti, kwa saa iliyo ukutani kwangu. Serikali yake ilipoisogeza saa ya ukutani, ahadi ilisogea nayo.

Kuna tofauti ya asili kati ya jambo lililokwisha tokea na jambo lililoahidiwa. Lori liliingia getini dakika fulani, na dakika hiyo haibadiliki hata serikali zote za dunia zitunge sheria. UTC inaifaa kabisa. Miadi ya mwezi ujao si dakika bado. Ni maneno mawili, saa ya ukutani na mahali, na dakika yake itajulikana kwa sheria itakayokuwa inatumika siku hiyo. Kwa hiyo cha kuhifadhi ni 08:00 na Africa/Juba. UTC ihesabiwe kutokana na hayo, na ihesabiwe upya kila toleo jipya la kanda za saa linapoingia. Ule ushauri wa kuweka UTC kila mahali ulipewa watu wanaorekodi yaliyopita. Kuupaka juu ya kalenda ya siku zijazo ni kosa, na ni kosa lililoenea. Hata aina ya data ya PostgreSQL ambayo jina lake linaonyesha ina ukanda wa saa, haihifadhi ukanda wowote. Inageuza kuwa UTC na kuusahau ulioandikwa.

Ungesema basi tuongeze saa moja kwenye miadi yote ya Juba tumalize. Kijana alikuwa ameshaandika hoja ya kufanya hivyo na kidole kiko juu ya kitufe. Nilimzuia kwa sababu ya karani. Tangu Jumatatu dada yule alikuwa ameona kwamba mambo hayalingani, na bila kumngoja fundi akabuni njia yake: mteja akitaka saa mbili ya Juba, yeye anaandika 09:00, halafu anampigia dereva simu kumwambia asiuamini ujumbe wa mfumo. Ilikuwa akili nzuri. Miadi hiyo ilihifadhiwa kama 06:00 UTC, ambayo ndiyo saa mbili halisi ya Juba. Tungeongeza saa moja kwa wote, zile alizookoa yeye ndizo tungeziharibu.

Kwa hiyo ndani ya jedwali moja kulikuwa na aina mbili za miadi zilizofanana kwa sura. Zilizoingizwa kabla ya mabadiliko zilihitaji kusogezwa. Alizoingiza karani baada ya kugundua hazikuhitaji. Tarehe ya kuingizwa haikutosha kuzitenganisha, kwa kuwa makarani wenzake waliendelea kuandika 08:00 kama zamani siku hizohizo. Data ilikuwa imepoteza habari, na hakuna hesabu inayoweza kurudisha habari iliyotupwa.

Kilichotuokoa kilikuwa nje ya hifadhidata. Kampuni ya ujumbe mfupi ilitunza maandishi ya kila ujumbe uliotumwa, kwa hiyo tuliweza kuona dereva aliambiwa saa ngapi. Kwa miadi ya Januari hilo lilitosha. Kwa zile za karani, ujumbe ulisema 09:00 na mapatano ni 08:00, kwa hiyo tulirudi kwenye barua pepe na WhatsApp za wateja, moja baada ya nyingine, yeye mwenyewe akitusomea. Kazi hiyo haikuwa ya kompyuta hata kidogo, na bila yeye isingewezekana.

Kisha kuna ile saa iliyojirudia. Jumapili tarehe 31 Januari, Juba ilipita kutoka saa tano hadi saa sita usiku mara mbili. Lori moja lilikuwa limeingia yadi kukabidhi karatasi, na mlinzi akaandika kwenye daftari: kuingia 23:40, kutoka 23:20. Mfumo ulikataa kupokea, ukisema kutoka hakuwezi kutangulia kuingia. Mlinzi hakukosea. Kuingia kulikuwa katika 23:40 ya kwanza, kutoka katika 23:20 ya pili, na lori lilikaa dakika arobaini. Java ina njia ya kusema kama unamaanisha ya kwanza au ya pili, na lugha ya Python nayo inayo tangu toleo la 3.6, lakini lazima fundi aliulize swali hilo, na fomu ya mlinzi haikuwa na pa kulijibia. Tulirekebisha kwa kuangalia GPS. Ni rekodi chache, nisingependa kulikuza jambo hili kuliko lilivyo.

Lililoleta maneno makali ni ada ya kusubiri. Lori liliingia Jumapili saa mbili usiku, likatoka Jumatatu saa mbili na nusu usiku. Mteja anasema: jana saa mbili mpaka leo saa mbili na nusu ni masaa 24 na nusu, nidai nusu saa. Mfumo unasema kuingia ni 17:00 UTC, kutoka ni 18:30 UTC ya kesho yake, jumla masaa 25 na nusu, lipa saa moja na nusu. Wote wawili wanahesabu vizuri. Mkataba ulisema “masaa 24,” haukusema “siku moja,” na kwangu mimi hilo linaamua: saa ni muda unaopita, na dereva aliuishi wote, akilala ndani ya kabini. Laiti mkataba ungesema siku moja, ningempa mteja haki. Meneja aliamua kusamehe tofauti ili asimpoteze mteja. Ni biashara yake. Ila nilimwomba dereva alipwe kwa masaa 25 na nusu, na alilipwa, pamoja na kufutiwa ile alama ya kuchelewa.

Wapo watakaosema Sudan Kusini ilikuwa bahati mbaya ya mara moja. Hapana. Morocco iliamua tarehe 26 Oktoba 2018 kutorudisha saa nyuma tarehe 28, siku mbili tu baadaye. Misri mwaka 2016 ilifuta saa za kiangazi, yaani kusogeza saa mbele wakati wa joto, siku chache kabla ya kuanza, na mwaka 2023 ikazirudisha. Lebanon ndiyo iliyonishtua zaidi. Tarehe 23 Machi 2023 waziri mkuu Najib Mikati alitangaza kwamba saa za kiangazi, zilizokuwa zianze wikendi ileile, zitaahirishwa mpaka Ramadhani iishe. Kanisa la Maroni likakataa, na vituo vya habari na shule kadhaa vikafuata ratiba ya zamani. Kwa siku kadhaa Beirut ilikuwa na saa za aina mbili kulingana na mtu unayemuuliza. Serikali ikageuza uamuzi tarehe 27. Hifadhidata ya kanda za saa ilitoa 2023b kufuata tangazo la kwanza, kisha 2023c tarehe 28 kurudisha mambo yalivyokuwa. Sasa fikiria mwenye programu aliyesasisha haraka kwa 2023b halafu akaenda likizo. Na fikiria miadi ya daktari mjini humo wiki ile: hata programu kamilifu isingejua, kwa kuwa wenyewe hawakuwa wamekubaliana.

Na sisi? Hiyo tatu yetu inayoonekana kama imeandikwa kwenye mwamba ina umri wa kawaida tu. Kumbukumbu za hifadhidata zinaonyesha Kenya ikianza na masaa mawili na nusu mwaka 1908, ikapanda hadi matatu katikati ya 1928, ikarudi mawili na nusu mwanzoni mwa 1930, ikawa mawili na dakika arobaini na tano kuanzia 1937, na kutulia kwenye matatu mwaka 1942. Kwa jua, Mombasa iko kama dakika kumi na moja mbele ya Nairobi, lakini Africa/Mombasa haipo. Kisheria saa yetu ni ya Nairobi. Na leo Africa/Kampala na Africa/Dar_es_Salaam ni majina mengine tu ya Africa/Nairobi ndani ya hifadhidata, yakielekeza kwenye mistari ileile. Ndiyo maana watu wanaona uvivu kuyatumia. Juba nayo ilianza hivyo, jina linaloelekeza Khartoum, na walioliandika Africa/Juba tangu 2011 hawakuhitaji kubadilisha jina la ukanda wa ghala lolote, si 2017 wala 2021.

Mfumo wa Shimanzi ulijengwa upya kwa mambo machache. Kila ghala lilipewa jina la ukanda wa nchi yake. Miadi ikahifadhi saa ya ukutani na mahali, na UTC ikawa safu inayohesabiwa. Masaa matatu yaliyoandikwa kwa mkono yalitafutwa na kuondolewa, pamoja na yale ya Excel, ambayo yalichukua muda mrefu kuliko programu nzima kwa sababu mhasibu alikuwa na nakala nyingi. Ujumbe kwa dereva sasa unataja saa ya Juba na saa ya Mombasa zote mbili, na hili lilitoka kwa madereva wenyewe: simu ikiwa karibu na Elegu inaweza kudaka mnara wa ng'ambo na kubadilisha saa yenyewe, au ikaendelea na sheria ya zamani hata baada ya kufika Juba, kwa hiyo hawataki kuitegemea.

Kazi ya mwisho niliyowaachia ni hoja moja inayoendeshwa kila toleo jipya la kanda za saa linapofika, kabla halijawekwa kwenye seva kuu. Inachukua miadi yote ya siku zijazo, inaihesabia UTC kwa toleo la zamani na kwa toleo jipya, na kuorodhesha ile ambayo majibu yake yametofautiana. Mara nyingi orodha hutoka tupu. Ikitoka na majina, inakwenda kwa karani kwanza, kabla ya fundi, naye anampigia mwenye ghala kumuuliza geti litafunguliwa saa ngapi.